Nenda urudi: maswali yenu kuhusu wazazi wa Kijapani na watoto wanaosoma ng'ambo

Asalaam aleikum. Nimempokea kwangu Unguja binti wa Kijapani anayesoma Kiswahili. Huu mwezi wa pili, na mamaye amepiga simu mara moja tu, tena ya dakika tano. Binti anasema hata siku ya kuagana mama hakumkumbatia. Mzazi gani huyu? (Mama mwenyeji, Unguja)

Waaleikum salaam, dada yangu. Usimhukumu. Naishi Osaka, ambako chuo kikuu kinafundisha Kiswahili, na mara kadhaa nimewasindikiza vijana wanaokuja huko kwenu hadi Uwanja wa Ndege wa Kansai. Mama mmoja siwezi kumsahau. Alisimama kashika mkoba wake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, mwanawe akapita ukaguzi. Mama hakubanduka. Sisi tulikwisha kunywa chai tukarudi, naye bado anautazama mlango ule ule.

Walichoambiana ni maneno ya kila asubuhi. Anayetoka husema "ittekimasu", naenda na kurudi. Anayebaki hujibu "itterasshai", nenda urudi. Dua yenyewe imo mle mle, haihitaji machozi. Na binti akikufungulia sanduku lake, sitashangaa ukikuta dawa za tumbo zilizofungwa mojamoja na maelezo kwa mwandiko wa mama, pamoja na hirizi ya safari kutoka hekaluni.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1871 serikali ya Japani iliwapeleka wasichana watano Marekani kusoma, mdogo wao, Tsuda Umeko, akiwa na miaka 6. Mwenzake wa miaka 11 aliitwa Sakiko. Kabla hajapanda meli, mamaye alimbadilisha jina, akamwita Sutematsu. Sikioni jina hilo lina maneno mawili: kutupa na kungoja. Mama alimtoa mwanawe kama anayemtupa, kisha akakaa kumngoja. Alimngoja hadi 1882, binti akarudi na shahada ya Vassar College. Kila nikilifikiria jina hilo, moyo huniuma.

Rafiki yangu wa Kijapani alipata nafasi ya kusoma Kanada mwaka mzima, baba akakataa. Kwetu Kisumu nafasi kama hiyo ukoo wote ungefanya harambee! (Mwanafunzi, Kisumu)

Baba huyo simjui, ila wazazi ninaoongea nao hawahofii sana kwenda. Wanahofia kurudi. Japani mwaka wa masomo huanza Aprili, na kampuni kubwa huajiri wahitimu wapya kwa mkupuo, waripoti kazini Aprili hiyo hiyo. Mbio za kutafuta kazi huanza mwaka wa tatu wa chuo. Ukiwa Toronto wakati wenzako wanahojiwa, msafara unaweza kukuacha, na ukishahitimu bila kazi, kuingia tena kwenye foleni hiyo ni shida.

Halafu pesa. Mwaka 2011 dola moja ilikuwa chini ya yeni 80. Mwaka 2024 ilifika 160. Ada ya dola 30,000, iliyokuwa yeni milioni 2.4, ikawa milioni 4.8, na mshahara wa baba haukupanda hivyo.

Hata hivyo, kukata shauri bila kuuliza ni kosa, nasema wazi. Kuna kampuni zinazoajiri nje ya Aprili, na kila mwaka Boston huwa na maonyesho ya ajira kwa vijana wanaojua Kijapani na Kiingereza. Upo pia mpango wa ufadhili wa Tobitate, unaochangiwa na kampuni binafsi, ulioanza kupeleka wanafunzi 2014. Rafiki yako amwekee baba mambo haya mezani, kwa karatasi na hesabu.

Ni kweli wanaziogopa nchi za nje kwa sababu ya usalama? (Msomaji, Mwanza)

Wapo, na wana sababu. Oktoba 1992 Yoshihiro Hattori, kijana wa miaka 16 kutoka Nagoya aliyekuwa Louisiana kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alikwenda kwenye sherehe akakosea nyumba. Mwenye nyumba akampiga risasi, akafa. Wazazi wa Japani wa rika hilo wanaikumbuka habari hiyo kama msiba wa jirani.

Lakini tazama walichofanya baba na mama yake. Walikusanya saini zaidi ya milioni moja na nusu kutaka bunduki zidhibitiwe Marekani, wakazifikisha kwa Rais Clinton. Kisha wakaanzisha mfuko wa kuwaleta wanafunzi wa Kimarekani Japani, waje waishi na familia za huko. Waliofiwa na mwana safarini ndio waliowafungulia mlango watoto wa wengine.

Nani mwenye kauli ya mwisho, baba au mama? (Msomaji, Arusha)

Baba hutamka. Lakini katika nyumba nyingi mama ndiye anayeshika hesabu za fedha, kwa hiyo kijana aanze kwa mama.

Na mimi nimtumie nini huyo mama? (Mama mwenyeji, tena)

Picha ya binti akila. Si ya ufukweni wala ya Mji Mkongwe. Mpige picha akiwa mkekani na wenzake, sahani ya pilau mbele yake, na chini binti aandike siku hiyo amekula nini na amelala saa ngapi.