Duka, mgahawa na vyumba kijijini: anza kupigia hesabu mwezi wa tatu

Mkuu, umesema una milioni nane, kwenu ni Newala, na unataka kurudi kijijini ufungue duka la rejareja, mgahawa na vyumba vichache vya kulala wageni, vyote kwa mpigo. Mimi nina duka na mgahawa kwenye kijiji cha huku huku uwanda wa Makonde, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Vyote kwa mpigo usithubutu.

Biashara ya kijiji chetu inakwenda na korosho. Minada inafunguliwa Oktoba, na mpaka Desemba au Januari hela inazunguka. Miezi hiyo kila mtu anauza. Anayekuja kuangalia fursa wakati huo anakuta bodaboda mpya, mabati yanapandishwa, watu wanakula nyama, basi anadhani ndivyo kijiji kilivyo mwaka mzima. Wewe anza na mwezi wa tatu. Mvua inanyesha, watu wako shamba, akiba imekwisha, na aliyekuwa ananunua sukari kilo sasa anataka ya mia tano. Kaa chini uandike kila kitakachokudai hela mwezi huo: kodi ya fremu, msaidizi, umeme, nauli ya mzigo. Mauzo ya mwezi wa tatu yakishindwa kubeba hayo, punguza ukubwa wa biashara kabla hujapiga tofali hata moja.

Kati ya Juni na Agosti kuna msimu wa kupuliza salfa, dawa ya kukinga mikorosho na ukungu, na huo wengi wanausahau kwenye mipango yao. Wapuliziaji wanatembea na mashine zao kijiji kwa kijiji. Wanaingia shambani gizani, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, wakirudi wana njaa kali. Mgahawa unaowasha jiko saa kumi alfajiri, uji na chapati viwe tayari kabla hawajatoka, na ukawawekea ugali na maharage ya kushiba wakirudi, unawapata kila siku. Ukifungua saa mbili, wameshakula kwa mama ntilie mwingine. Likizo za shule nazo zina sherehe za jando na unyago: mchele, sukari na mafuta ya kula vinaondoka haraka, agiza mapema kabla wenye jumla mjini hawajapandisha bei.

Sasa mikopo. Huwezi kuendesha duka kijijini bila kukopesha, anayekwambia unaweza hajawahi kukaa huku. Unachoweza ni kuweka utaratibu. Kwenye daftari langu kila kaya ina ukurasa wake: tarehe, kitu, bei, na saini ya aliyechukua. Asiyeandika anaweka dole gumba. Mtoto akitumwa bila hela, hapewi mpaka mzazi apige simu. Na kila ukurasa una kikomo juu yake, nimekiandika kwa kalamu nyekundu, kiasi ambacho mtu huyo hata asipolipa bado nitaweza kufuata mzigo mjini. Kwako itakuwa ngumu zaidi kwa sababu ni kwenu. Mjomba akija kukopa huwezi kumkatalia mbele za watu. Kwa hiyo kaa na wazee wa ukoo kabla hujafungua, waambie kikomo ni kipi na kwamba ni cha wote, ili siku ikifika iwe neno lililokwisha kusemwa.

Kuna kitu kimoja nakuomba sana ukikwepe, nacho ni kangomba, yaani kuchukua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla hata hajavuna. Inaanza kiupole: mama ana mgonjwa, anachukua unga na sabuni mwezi wa nne, anakwambia atakulipa korosho kwa kipimo zikianguka. Kilo moja ya unga inageuka korosho zenye thamani mara kadhaa. Ni kosa kisheria, na pia unamfukarisha mteja wako mwenyewe, ambaye mwakani atakuwa na hela kidogo zaidi ya kuleta dukani. Hata kibiashara ni hatari. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalikwenda na uhakiki wa mashamba. Aliyekuwa na magunia bila shamba alikwama. Mwaka huo hata wakulima halali wengi walisubiri hela kwa miezi, na madaftari ya maduka yakakaa bila kufutwa. Mpango wako lazima uweze kupita mwaka wa namna hiyo. Toa fungu la mtaji, liweke pembeni, lisiguswe.

Malipo ya korosho yanapita benki. Watu wanakwenda mjini kuchukua hela na sehemu kubwa inabaki maduka ya huko huko. Uwakala wa pesa kwa simu, wenye keshi ya kutosha siku za malipo, ndio uliorudisha wateja kwangu. Mtu anatolea hela hapo hapo, anafutiwa deni, anabeba na mchele.

Kuhusu mahali: usijenge karibu na lami kwa sababu tu magari yanapita. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Pima mwenyewe kwa kamba. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala mpaka Masasi imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, na mafundi wanakula vizuri, lakini kazi ikiisha wanaondoka, na wanakijiji wako watafika mjini kirahisi kuliko zamani. Usiwahesabie mafundi hao kwenye mpango wa miaka mitano. Kama kiwanja unapewa na kijiji, kumbuka Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Dai muhtasari wa mkutano huo. Maneno ya mwenyekiti peke yake hayatoshi.

Leseni ya biashara, TIN, wahudumu kupimwa afya, hayo afisa biashara na bwana afya watakuelekeza. Dawa za binadamu usiziweke kwenye rafu za duka la kawaida, zina utaratibu wake wa duka la dawa muhimu.

Vyumba viache vya mwisho. Wanaolala kijijini ni wanunuzi, wakaguzi wa chama cha msingi cha ushirika, walimu wapya, manesi wa chanjo, mafundi wa minara, na nje ya msimu unaweza kupita wiki bila mgeni. Kinachoua gesti za huku ni maji. Tuko juu, maji yanasukumwa kutoka bondeni, na yakikatika unanunua kwa dumu. Mgeni mmoja ni ndoo za kuoga, choo, na mashuka ya kufua. Jenga kwanza tangi la ardhini la kuvuna mvua kwenye bati la duka. Litahudumia mgahawa tangu mwaka wa kwanza, na likimaliza kiangazi bila kukauka, ndipo uanze kufikiria vyumba viwili, si sita.

Tuambie kijiji chenu kiko barabarani au ndani, kina kaya ngapi kwenye daftari la mtendaji, na duka la jumla la karibu liko umbali gani. Nikijua hayo nitakuandikia mgawanyo wa hizo milioni nane.