Mke Wangu Ni Muuguzi wa Hospisi

SWALI: Mke wangu ameingia mwaka wa pili akifanya kazi katika hospisi moja, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini Nairobi. Siku anapofiwa na mgonjwa hurudi kimya, akala kidogo na kulala mapema. Nikimuuliza, hujibu kwamba ni uchovu tu. Mama yangu anasema kazi ya kukaa na wanaokufa huleta mkosi nyumbani na anamshinikiza aombe uhamisho. Nifanyeje? – Msomaji, Kiambu.

JIBU: Ndugu msomaji, mama yako anahitaji kuelezwa kazi hiyo kabla ya kubishana naye. Tangu Hospisi ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1990, sehemu kubwa ya huduma hii imekuwa ikitolewa kliniki na majumbani mwa wagonjwa. Muuguzi hufuatilia dozi ya mofini ya maji (dawa kali ya kutuliza maumivu), husafisha vidonda vinavyonuka ambavyo hata jamaa huvikimbia, na huwafundisha wanaomuuguza mgonjwa namna ya kumgeuza kitandani. Mtu aliyekuwa akilia usiku kucha kwa maumivu ya saratani hupata usingizi, akaweza tena kuzungumza na watoto wake. Sioni mkosi hapo, naona rehema.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya mwili, ya nafsi, ya uhusiano wake na watu, na ya roho, yote kwa pamoja. Basi mkeo haendi kupima dawa peke yake. Husikiliza pia hofu ya karo za watoto watakaobaki na ugomvi wa ndugu wasiosemezana. Mengi ya hayo ni siri za wagonjwa ambazo maadili ya kazi yanamkataza kukusimulia, na huenda “ni uchovu tu” ndilo jibu pekee alilo nalo.

Kwa hiyo usimuulize nani amefariki. Muulize kama siku ilikuwa nzito, kisha upokee jibu lolote bila kulichimba. Jioni hizo wapikie watoto na uwasimamie kazi za shule wewe mwenyewe. Jambo jingine, ambalo waume wengi hawalitambui: wazuie jamaa wanaompigia simu usiku kumwuliza kuhusu kila ugonjwa wa ukoo, kwa sababu anayewahudumia wagonjwa mchana kutwa anastahili nyumba ambamo yeye si muuguzi.

Huzuni ya siku mbili tatu baada ya kifo cha mgonjwa ni ya kawaida. Akikosa usingizi kwa majuma, akiwa mkali kwa jambo dogo, au akisema hajali tena wagonjwa wake, mhimize azungumze na msimamizi wake au mshauri nasaha, nawe ujitolee kumsindikiza. Uhamisho ni uamuzi wake. Akikutaka maoni, mpe yako, wala si ya mama, na mama uzungumze naye wewe.