Wifi, shamba msiliuze kwanza

Wifi yangu wa Tanga ana mtoto wa miaka 6 mwenye selimundu (sikoseli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe nyekundu hujikunja kama mundu. Amesikia kwamba Uingereza imepatikana tiba ya kuuponya ugonjwa huu kabisa, na yeye na kaka yangu wameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba la minazi ili mtoto aletwe kwangu London. Namjibu hadharani, naye ameridhia, kwa sababu swali hilohilo naulizwa na watu wa Mombasa, wa Mwanza, hata wa Bujumbura.

Wifi, ulichosikia ni kweli. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, ikawa nchi ya kwanza duniani. Mgonjwa hutolewa seli mama za uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, zikapelekwa maabara kurekebishwa ili mwili urudi kutengeneza ile hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ambayo haizikunji chembe za damu. Kabla ya kurudishiwa seli hizo hupewa dawa kali ya kemo ili kuondoa uloto wa zamani. Atalazwa wiki kadhaa, na huenda asiweze tena kuzaa. Bei iliyotangazwa inapita pauni milioni 1.6 kwa mtu mmoja, na wanaopewa ni wenye miaka 12 na zaidi ambao hali yao ni mbaya. Mwanetu ana 6. Tena mgeni wa viza ya matembezi akilazwa hapa hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Uzeni minazi, uzeni na nyumba, hamtafika hata robo ya njia.

Hilo la fedha ni jepesi kulieleza. Zito ni hili ninalokutana nalo kazini.

Kazi yangu ni kuwahoji wagonjwa wa selimundu kwa ajili ya utafiti. Timu yetu ina daktari wa damu, mtaalamu wa jeni, mchumi wa afya na mwanahistoria, nami ndiye ninayekwenda majumbani kusikiliza. Wengi ninaowasikiliza wamezaliwa hapahapa, wazazi wao Wanaijeria, Waghana, Wajamaika, Wakongo. Matibabu ya hospitali hawalipii. Lakini maumivu yakiwashika usiku na wakafika mapokezi ya dharura, kuna wanaoangaliwa kama watu waliokuja kudanganya ili wapewe mofini, dawa kali ya maumivu. Mwongozo wa hapa unasema mgonjwa wa aina hii apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30. Wao wananisimulia saa, siyo dakika. Mwaka 2021 kamati ya wabunge wa vyama vyote ilitoa ripoti juu ya jambo hili, na ubaguzi wa rangi ikautaja waziwazi.

Daktari wetu wa damu anaweza kukueleza kila kinachotokea ndani ya mshipa, ila kwa nini nesi hamwamini kijana anayejikunja kwa maumivu, hilo halionekani kwa darubini. Mwanahistoria ndiye aliyenifungua macho. Ugonjwa huu uliandikwa katika jarida la tiba la Marekani mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, kutokana na damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Kwa miongo mingi ukaitwa ugonjwa wa watu weusi, na dharau waliyofanyiwa watu hao ikauandama ugonjwa wao hadi wodini. Mchumi naye ananionyesha orodha ya magonjwa ambayo mtu mzima hapa England halipii dawa za kuandikiwa. Ni ya mwaka 1968, na selimundu haimo hadi leo. Halafu kuna baridi, ambayo yenyewe huyaamsha maumivu. Kila majira ya baridi nawaona wanavyoteseka, na ninamfikiria mwanangu huyo akitoka kwenye joto la Tanga kuja kukaa humu.

Sasa naomba wenzangu wa ukoo nao wasome. Najua wifi amesemwa kwamba yeye ndiye aliyeingiza ugonjwa nyumbani kwetu, na najua walivyomzungusha kwa waganga. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa huku kwetu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria akakuta sehemu ambako zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba jeni moja ya ugonjwa huu, na nyanda za juu karibu hakuna. Mwaka 1954 akatoa sababu: aliyebeba jeni moja malaria kali haimwezi kwa urahisi. Ndiyo iliyowavusha mababu zetu. Mtoto huugua akipokea jeni mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Kwa hiyo kaka yangu anayo, na huenda mimi shangazi ninayo pia. Wifi hakuleta kitu ambacho hatukuwa nacho.

Na aliyepata mbili hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari kubwa. Chandarua kila usiku, dawa ya kujikinga asiache, penisilini asiruke, na homa ikipanda msingoje asubuhi.

Kisha muulize daktari pale hospitali ya Bombo, Tanga, kuhusu haidroksiurea. Ni dawa iliyokuwepo tangu zamani, na wengi waliogopa kuwapa watoto wa sehemu zenye malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka 2019, ulionyesha watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Lazima apimwe damu mara kwa mara akiitumia. Muulize pia kipimo cha mishipa ya kichwani, kwa sababu ya kiharusi. Na kama mnataka kuuliza habari za kupandikiza uloto, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawafanyia watoto wenye selimundu. Nauli ya Dodoma mnaimudu bila kuuza mnazi hata mmoja.

Gharama za vipimo nitatuma mimi mwisho wa mwezi. Kaka anipigie Jumapili, nataka tuzungumze kuhusu kuwapima wale wadogo wawili.