Seli iliyokufa ilionyeshaje mwendo wa kugawanyika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano. Tumesoma kwamba hatua za mitosisi, yaani seli moja kugawanyika kuwa mbili, zilijulikana kwa kupaka seli rangi. Lakini dawa za kuandaa slaidi huua seli, na seli iliyokufa haisogei. Walijuaje hatua ipi hutangulia na ipi hufuata?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo lenyewe hasa, na wengi hulipita.

Kugawanyika kwa seli kulishaonekana mapema. Mwanasayansi Robert Remak alikuona kwenye damu ya viinitete vya kuku. Kilichofichika ni mambo ya ndani ya kiini, kwa sababu seli hai ni angavu mno. Miaka ya 1870 Walther Flemming, Mjerumani aliyefundisha Kiel, alitumia rangi za anilini, zilezile za viwanda vya nguo. Kitu fulani ndani ya kiini kilizinywa rangi hizo sana, akakiita kromatini. Lakini kila seli ilikuwa imeganda pale ilipofia: hii nyuzi zake zimetatizana, ile zimejipanga katikati, nyingine zimeshatengana makundi mawili.

Hapo ndipo uchaguzi wa mnyama ulipomwokoa. Salamanda ni wa jamii ya chura, ila ana mkia. Mtoto wake wa majini ana seli kubwa, nyuzi nene, na pezi la mkia jembamba linalopitisha mwanga. Flemming aliweza kuitazama seli hai chini ya hadubini, akaichora ikibadilika, kisha akalinganisha michoro na slaidi zake. Seli hai ilimpa mfuatano. Iliyokufa ikampa undani. Ndipo akaona kila uzi umepasuka kwa urefu wake, na kwangu mimi huo ndio ugunduzi wake mkubwa kuliko yote, maana unaeleza kwa nini seli mbili hutoka na urithi uleule. Neno mitosisi, kutoka neno la Kigiriki la uzi, alilitoa mwaka 1882. "Kromosomu", jina la nyuzi hizo, lilikuja 1888, la mwanasayansi Mjerumani Waldeyer.

Ukipata hadubini shuleni, tumia mzizi wa kitunguu. Hesabu seli za kila hatua: hatua yenye seli nyingi ndiyo inayochukua muda mrefu. Kata milimita mbili tu za nchani. Juu zaidi ya hapo seli zinarefuka tu, hutakuta zinazogawanyika.