Jibu: Naingia chuo kikuu mwaka wa tatu, sororiti watanipokea?

Mdogo wangu, umeuliza mawili: kama msichana anayemaliza chuo cha miaka miwili huko Texas na kuhamia chuo kikuu bado ana nafasi kwenye sororiti (vyama vya wanafunzi wa kike vyuoni Marekani), na umwambie nini mama aliyeko Mwanza, ambaye ameona zile herufi za Kigiriki za majina ya sororiti akasema ni Freemason. Mimi nilihama hivyohivyo, nikajiunga, na nimehitimu nikiwa mwanachama.

La mama ni jepesi. Mwambie ni chama cha wanafunzi wa kike, chenye ada, mikutano na kazi za kuchangisha fedha za misaada. Kuapishwa hufanyika faragha, hilo usimfiche. Mama yangu alipoa niliposema Kamala Harris ni mwanachama wa Alpha Kappa Alpha, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Mantiki ilikuwa haba, lakini kelele ziliisha.

Sasa la kwako. Kuna makundi mawili makubwa na watu wanayachanganya. Sororiti nne za kihistoria za wanawake weusi, yaani Alpha Kappa Alpha, Delta Sigma Theta, Zeta Phi Beta na Sigma Gamma Rho, ziko chini ya baraza linaloitwa NPHC (National Pan-Hellenic Council), la mwaka 1930. Hizo hazifanyi usajili wa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Tawi, yaani sororiti ya chuo husika, hutangaza lenyewe likiwa tayari kupokea wanachama, na muhula unaweza kupita bila tangazo. Wanaangalia krediti (pointi za masomo) ulizokwisha kupata, GPA (wastani wa alama zako) na kazi za kujitolea, kwa hiyo kutoka chuo kingine si kikwazo kikubwa. Nenda kwenye shughuli zao za wazi, usaidie, na usitangaze chuo kizima kwamba unawataka. Hawapendi.

Kundi la pili ni NPC (National Panhellenic Conference), muungano wa sororiti 26, zile zenye majumba makubwa na usajili wa Agosti. Nilipita huku, na ndiko mwaka wako wa masomo unakopimwa. Mnapanga foleni juani, mlango unafunguliwa ghafla, wasichana wamebanana mlangoni wanaimba na kupiga makofi, kisha mmoja anakushika mkono na kukuvuta ndani. Sauti zimewakauka, mnazungumza kwa kupigiana kelele sikioni. Unasoma nini, unatoka wapi, na Tanzania iko upande gani wa Afrika. Mazungumzo yangu yalikuwa matamu mpaka mtu aulize, "Unahitimu lini?" Nikitaja mwaka, tabasamu linabaki palepale ila macho yanaanza kutafuta wa nyuma yangu.

Usilichukulie kama ubaguzi wa rangi moja kwa moja (ingawa upo, na mahali pengine utauona bila kuvaa miwani). Kila tawi lina idadi ya watu wa kuchukua katika usajili mkuu, huo wa Agosti. Wa mwaka wa kwanza atalipa ada na kushika vyeo kwa miaka minne, wewe kwa miwili. Vyuo vingine hutenga idadi ya pembeni kwa wanafunzi wa miaka ya juu ili wasishindanishwe na wa mwaka wa kwanza. Uliza kama chuo chako kinafanya hivyo, maana hapo hesabu yote inabadilika.

Kwa maoni yangu, anayehama anafaidika zaidi na usajili wa wazi. Tawi ambalo halijafikisha idadi linayoruhusiwa linaweza kualika watu wakati mwingine wowote wa muhula. Hakuna foleni wala nyimbo. Msichana wa darasa la takwimu alinialika kula pitsa na wenzake, tukaongea kama watu wazima, baadaye mwaliko rasmi ukaja. Watakaokwambia matawi hayo ni ya "waliokosa soko" waache waseme. Dada zangu wa pale ndio walionipokea uwanja wa ndege niliporudi kutoka msibani.

Tahadhari moja ya usajili mkuu. Mwishoni unasaini makubaliano. Tawi ulilolitaja likikupa nafasi ukaikataa, huingii sororiti nyingine ya NPC chuoni hapo mpaka usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Kwa mwenye miaka minne ya kukaa chuoni ni usumbufu, kwako ni nusu ya muda wako. Usiandike jina la tawi ambalo moyo haupo.

Kabla ya Agosti, iandikie barua pepe ofisi ya chuo inayosimamia sororiti. Je, wanakubali GPA ya chuo ulichotoka, au lazima usome muhula mmoja kwao kwanza? Ada ni kiasi gani kwa asiyeishi kwenye nyumba? Muhula wa kwanza huwa mzito kwa sababu ya malipo ya mwanachama mpya na ile beji, na kama uko kwenye F-1, viza ya mwanafunzi, unajua mwenyewe kwamba kazi ya chuoni haivuki saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Na apatimenti usisaini bado. Matawi mengine hulazimisha mwanachama aishi kwenye nyumba yao walau mwaka mmoja. Mwenzangu aliyehama nami hakuuliza, akawa analipa kodi kote kuwili hadi Mei.