Re: Moshi wa sigara wa jirani kwenye ngazi za ghorofa

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba moshi wa jirani anayevutia sigara kwenye ngazi za ghorofa lenu, hapo Nairobi, unaingia chumba cha mtoto, na msimamizi anadai hana la kufanya. Kwanza hakikisha anavutia wapi hasa, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza uvutaji katika sehemu zilizozibwa, hata kwa kiasi, ambazo umma huingia kwa kawaida; ndani ya nyumba yake ni suala jingine, nami sijawahi kulishughulikia. Kwetu, wapangaji tulimwandikia mwenye nyumba barua moja yenye sahihi zetu, tukaomba wavutaji watengewe sehemu uani, mbali na madirisha, jambo lililosaidia kuliko ugomvi wa mlangoni. Kufungua dirisha pekee hakutoshi.