Je, kuna kweli mbili, ya imani na ya falsafa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Mhadhiri ametuambia kwamba katika Zama za Kati walimu wa Kikristo walikubali kweli mbili, ya imani na ya falsafa, hata zikipingana. Wenzangu wanasema basi kila mtu ana ukweli wake. Nimekosa la kujibu.

JIBU: Milele amina, mwanangu. Kweli mbili zilitajwa Paris, ila zilitajwa kama shtaka. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier alipiga marufuku hoja 219, na katika utangulizi wake akawalaumu walimu wa Kitivo cha Sanaa, waliofundisha falsafa chuoni pale, kwamba wanaongea kana kwamba jambo laweza kuwa kweli kwa falsafa na lisiwe kweli kwa imani. Anayetajwa sana hapo ni Siger wa Brabant, mmoja wa walimu hao. Lakini hata Siger, alipokuta falsafa inagongana na imani, alisema ukweli uko upande wa imani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikuwa ameshalishughulikia suala hili Paris, kati ya 1256 na 1259, katika maswali yake juu ya ukweli. Ukweli, asema, ni ulinganifu wa kitu na akili. Hapo nakuomba twende taratibu, maana ndipo penye utamu.

Juzi fundi seremala alikuja parokiani kupima dirisha la sakristia. Alinyoosha futi mara mbili, akaandika vipimo kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Kama angekosea, ukuta usingejirefusha kumfuata yeye. Pale ukuta ndio uliokuwa ukiipima akili ya fundi. Alipofika karakana mambo yakageuka. Fremu isipotoka kama alivyokusudia, kasoro ni ya fremu, kwa kuwa sasa akili yake ndiyo inayoipima mbao.

Thomas anasema viumbe vimekaa katikati ya akili mbili. Akili ya Mungu huvipima, kama fundi na fremu yake. Navyo huipima akili yetu, kama ukuta ulivyompima fundi. Akili ya Mungu hupima wala haipimwi. Kwa hiyo wenzako wanaposema kila mtu ana ukweli wake, wanajipa nafasi ya Muumba. Maoni yako ni yako, ndiyo. Mwembe ulio nje ya bweni lenu hauyasubiri.

Na hapo kweli mbili zinakosa pa kukaa. Aliyeumba akili ndiye aliyetufunulia imani, naye hajipingi. Ndiyo maana hoja inapogongana na imani, Thomas haikimbii, huitafutia tundu. Walimu wengine walidai falsafa imethibitisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Alizichunguza hoja zao akaonyesha kwamba hazithibitishi hilo. Kisha, kwa uaminifu unaonigusa kila nikimsoma, akawaambia na waamini wenzake kwamba mwanzo wa ulimwengu nao hauthibitishwi kwa akili tupu: tunaujua kwa imani.

Mwulize mhadhiri wako kwa heshima ni mwalimu gani aliyeandika kwamba kweli mbili zinazopingana zote ni kweli, na wapi. Nawe usome Swali la 16 katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, kitabu kikuu cha Thomas. Ukikwama, niandikie tena.